Ng'ombe Asiyepiga Teke

Nether Quoy,
Sanday,
Orkney.
9 Novemba

Mpendwa Shangazi Merran,

Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kanada? Baba alisema mlipata theluji kabla ya Oktoba kwisha. Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto umepona, ila hauelewani na upepo, na hapa upepo ndio mwenye nyumba.

Shuleni nimebaki na watoto kumi na wanne. Familia ya Muir imehamia Aberdeen, kwa hiyo jioni hakuna tena taa ng'ambo ya ghuba. Ilipokuwapo sikuitazama. Sasa naitafuta kila ninapofunga mapazia.

Unakumbuka barua yangu ya Januari mwaka jana, nilipokueleza kwamba ng'ombe wetu Flekka alinipiga teke akanivunja mkono? Haikuwa kweli. Erlend alikuja kuchukua vifaa vyake, miezi minne baada ya talaka yetu, akanikuta zizini peke yangu. Nilimwomba arudishe ufunguo wa nyumba. Yaliyofuata nimeyasimulia mahakamani, naomba nisiyarudie.

Baba alikuwa bado akimwita "mwanangu", nami niliona aibu. Nikamsingizia ng'ombe, kwa kuwa hawezi kukanusha. Lakini wewe umezaliwa hapa, unajua kwamba ng'ombe anayevunja watu hafugwi. Niliporudi kutoka hospitali na plasta mkononi, nafasi yake zizini ilikuwa tupu. Baba alikuwa amempeleka mnadani siku ileile, kwa kunipenda. Nikamshukuru.

Nilipopata ujasiri wa kwenda polisi, waliniambia kwamba bila ushahidi wa pili kesi ya jinai haitasimama. Bi. Scollay, wakili wangu, ndiye aliyenionyesha njia nyingine: nimdai Erlend fidia mimi mwenyewe, mahali ambapo hakimu hupima tu neno la nani lina uzito zaidi. Nilichotaka hasa ni mtu mmoja aandike kwenye karatasi kwamba ilitokea.

Tangu nifungue madai, majirani wanabisha hodi. Zamani waliingia tu, wakianza kuongea kabla hawajafika jikoni. Sasa wanasimama nje wakingoja nifungue, na wengi hawaji kabisa.

Kesi ilisikilizwa Jumanne. Wakili wa Erlend alikuwa na hati ya mnada, mwandiko wa baba: "Anapiga teke. Amemvunja binti yangu mkono." Akaniuliza kama baba yangu ni mwongo. Nikasema mwongo ni mimi. Baba alikuwa ameketi nyuma, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kutoka kinywani mwangu kwamba ng'ombe wake hakuwa na kosa. Sikuthubutu kugeuka.

Kisha Bi. Scollay akasoma barua uliyonijibu wakati ule. Ilikuwa mistari miwili: "Flekka nilimlea kwa chupa nilipokuja likizo, hajawahi kumwinulia mguu hata mbwa. Nani amekuumiza, Thora?" Hakimu aliomba aishike mwenyewe, akakaa nayo muda mrefu. Uamuzi utatoka kwa maandishi baada ya wiki sita. Bi. Scollay hakuniahidi kitu.

Kwenye feri ya kurudi Sanday baba alisimama kando yangu mpaka gati ya Loth ikaonekana. Hapo akasema, akitazama maji, "Asiye na kosa nimemuuza. Mwenye kosa nikamkaribisha chai." Akachukua mkoba wangu, akatembea upande wa mkono uliovunjika mpaka kwenye gari. Hatujaongea tena juu yake, lakini jana alifagia ile nafasi ya Flekka, ambayo haina cha kufagiwa.

Barua yako nimekaa nayo karibu miaka miwili. Niliisoma mara nyingi, nikairudisha kwenye bahasha, nikakuandikia habari za mvua. Katika watu wote walioiona plasta ile au kusikia habari yake, wewe peke yako uliuliza, nawe ulikuwa mbali kuliko wote. Vyovyote hakimu atakavyoandika, wewe nakuomba radhi, na jibu lako unanidai.

Ni Erlend, Shangazi. Erlend ndiye aliyeniumiza.

Nisalimie mzee Tammas, na Rhoda na mapacha wake. Mungu awakinge na barafu ya huko, na mlango wenu usikose watu wa kuuingia bila hodi.

Binti wa kaka yako, akupendaye sana,
Thora