Hadi Kilomita Kumi na Nne

Subukia,
Ijumaa, 12 Juni.

Kwa ndugu yangu Kiarie,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Njoki, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu ili ahakikishe kwamba nimemtaja. Sisi hapa Subukia hatujambo. Baridi ya mwezi huu ni kali, lakini viazi vya shamba la juu vimeanza kuvunwa, na goti langu limeacha kulalamika tangu daktari aliponibadilishia dawa. Je, Cate hajambo? Na watoto? Njoki anauliza kama kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia, na kama bado unapangiwa zamu za Jumapili huko kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria. Nami naongeza swali langu: je, bado unakula ukiwa umesimama? Mama alikukataza jambo hilo ukiwa na umri wa miaka sita.

Unajua kwamba sipendi kujadili mambo mazito kwa simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami hukukatiza, tukaagana bila kumaliza sentensi hata moja. Barua haikatizwi. Kwa hiyo keti, uisome yote kabla ya kusema lolote.

Ni kuhusu pikapu.

Tulipoinunua mwaka jana, mimi na wewe, wewe ndiye uliyeichagua. Ulitueleza, kwa fahari ya mtu anayeishi kwa kazi ya umeme, kwamba hilo ni gari la dizeli lililoongezewa betri ndogo na mota. Kwamba likipunguza mwendo betri hujazwa, na likiondoka mota huisaidia injini kulisukuma. Kwamba haliwezi kwenda kwa umeme peke yake, lakini kiu yake ya dizeli ni ndogo. Ukasema linaenda kilomita kumi na nne kwa lita moja. Nilifurahi. Tukamkabidhi binti yangu Wangui funguo, kwa kuwa katika ukoo wetu hakuna anayeendesha vizuri kuliko yeye, naye akaanza kupeleka viazi vyetu na vya majirani sokoni Nakuru.

Kisha ikaja siku ya Mwaka Mpya. Ulikuwa umepiga hesabu zako, ukaona kwamba kwa Wangui gari linaenda kilomita kumi na kidogo tu kwa lita. Ungeweza kuniita kando. Badala yake ulisimama mbele ya wageni, na kipande cha mbavu mkononi, ukasema kwamba pikapu yetu ina tangi mbili, moja chini ya gari na nyingine ndani ya mkoba wa Wangui. Sarufi yako ilikuwa mbaya, kwa maana husemwa matangi mawili. Maana yako ilikuwa mbaya zaidi.

Watu walicheka. Wangui mwenyewe alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Ulipoendelea, na ukauliza dizeli huuzwa wapi siku hizi, aliweka sahani chini, akanawa mikono, akaleta funguo akaziweka mezani kwangu. Aliniambia kwamba hataushika usukani ule tena mpaka baba yake mdogo, kwa mdomo uleule, aseme neno jingine. Wewe unamjua mtoto yule. Hakulia, hakununa, wala hajalirudia jambo hilo. Aliingia shambani siku iliyofuata na jembe lake, na huko ndiko alikokuwa tangu wakati huo.

Ukamtuma Weldon, dereva wako wa kuaminika. Akaendesha Januari na Februari. Kwake gari halikufika hata kumi. Nilidhani ungeelewa, lakini ulinipigia simu ukasema kwamba Subukia imemharibu, kwamba bila shaka Wangui amemwonyesha mteja wa dizeli. Weldon aliondoka hapa kwa hasira. Alipokuwa akiniaga langoni aliniambia, “Mzee, huyu boss hatafuti dereva, anatafuta malaika.”

Kisha ukanitumia ujumbe kwamba kabla Julai haijaisha utakuja kulichukua gari uliuze, na kwamba Wangui ajitafutie kazi nyingine, mahali ambapo hakuna kimiminika chochote.

Ndugu yangu, niliusoma ujumbe ule mara nyingi, na siyo kwa sababu ya makosa yake ya tahajia. Niligundua kwamba tatizo halikuwa Wangui wala Weldon. Tatizo lilikuwa kile kiti. Yeyote ambaye angekikalia angekuwa mwizi machoni pako, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuiamini namba kabla ya kumwamini mtu.

Basi nilikwenda Nakuru kuitazama hiyo namba. Duka lile bado lipo, na bango lile bado liko ukutani, karibu na meza ya yule binti, Mercyline, aliyetuhudumia. Nilivua miwani nikalisogelea. Halikusema kilomita kumi na nne kwa lita. Lilisema HADI kilomita kumi na nne kwa lita. Kiarie, uliliacha neno. Tangu utotoni wewe huyaacha maneno madogo, ukidhani hayana kazi. Nilipokufundisha darasa la sita nilikuchapia jambo hilo.

Nililifundisha neno hilo kwa miaka yangu yote ya kazi. Nikisema kwamba darasa linachukua hadi wanafunzi arobaini, sijasema kwamba wamo arobaini. Nimesema tu kwamba wa arobaini na mmoja atasimama nje. “Hadi” ni dari, si sakafu. Aliyeandika bango lile alijua sana alichokuwa akiandika, na wewe ulikisoma kama mtu mwenye njaa. Nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwamba neno nililowafundisha watoto wa watu limekuja kumtetea mtoto wangu.

Kando ya namba palikuwa na kinyota, na chini kabisa maandishi madogo kama mbegu za sukumawiki. Nilimwomba Mercyline anisomee. Akanieleza kwamba gari la kupimwa huwekwa ndani, juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka, likaendeshwa kwa utaratibu maalumu, bila mzigo. Akacheka kwa adabu akasema, “Mzee, hiyo namba ilipatikana kwa chumba. Huko hakuna Subukia.” Nilimwambia kwamba husemwa chumbani. Alinishukuru. Akaongeza kwamba betri ile ndogo husaidia sana mjini, pale gari linaposimama na kuondoka kila mara, lakini katika mwinuko mrefu wenye mzigo huchoka mapema, injini ikabaki kufanya kazi peke yake. Hakunificha lolote. Tatizo ni kwamba sisi hatukumwuliza.

Hata hivyo nilijua kwamba neno la sarufi halitakutosha. Wewe ni mtu wa mitambo, unataka kuona. Kwa hiyo nilitafuta dereva wa tatu. Jina lake nitakuambia baadaye. Kwa sasa jua tu kwamba hana faida yoyote katika dizeli, hanywi pombe, na hufuata sheria za barabarani mpaka wanaomfuata nyuma humpigia honi kwa uchungu.

Wiki iliyopita tulijaza tangi mpaka shingoni, tukapakia magunia ya viazi kwa uzito uleule aliokuwa akipakia Wangui, tukapanda ule mlima wa kutoka bondeni mpaka Bahati, tukashuka Nakuru. Wangui nilimwomba aketi kando tu. Aliweka mikono magotini na kuitazama barabara. Tulipoingia katika msongamano wa mjini injini ilinyamaza yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya, na dereva wangu akatoka jasho akidhani ameizima yeye. Wangui aligeuza uso dirishani. Nadhani alikuwa akicheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka ndani ya gari lile tangu Mwaka Mpya.

Baada ya kushusha viazi, tulijaza tena, tukagawanya. Kilomita tisa kwa lita. Kisha tukaenda gari likiwa tupu, kwa mwendo wa wastani, kwenye barabara kuu tukaipita njia ya kwenda Kariandusi, tukafika Gilgil, tukarudi. Tukajaza tena, tukagawanya. Kumi na tatu, Kiarie! Kumi na nne sikuiona, lakini niliiona jirani yake. Gari letu si baya. Ni gari zuri sana lililosifiwa mahali pasipo na mlima, nasi tunaishi kwenye mlima.

Sasa litazame jambo hili kwa makini. Katika njia ileile, kwa mzigo uleule, Wangui alikuwa akipata kumi na kidogo. Weldon, dereva wa miaka mingi, hakufika kumi. Dereva wangu wa tatu alipata tisa. Nilipomwuliza Wangui siri yake, alisema hana siri. Yeye huachilia mguu mapema kabla ya kila kona na kila mteremko, gari likajiendea lenyewe na kuijaza ile betri, kisha huitumia anapoanza kupanda. Nimekaa karibu naye miaka yote hii, nami sikujua kwamba anafikiri hivyo akiwa kimya. Mtu uliyemwita mwizi wa dizeli ndiye mtu anayeiokoa. Nakuandikia haya kifua kikiwa mbele, na sitaki kukificha.

Nimefika mahali ambapo lazima nikiri. Nilimficha kila mtu jambo fulani kwa muda wa miezi mitatu.

Dereva wa tatu ni mimi.

Usicheke bado. Mimi Hiram, ambaye nimebebwa na magari ya watu tangu kuzaliwa kwangu, niliingia katika shule ya udereva mjini Nakuru mwezi Machi. Nilikuwa nimewaza ni nani anayeweza kukikalia kiti kile ambaye wewe huwezi kumwita mwizi. Nikapitia ukoo mzima, nikabaki na mtu mmoja tu. Vijana niliokuwa nao darasani waliniita guka, babu yao. Mwalimu wangu, kijana anayeitwa Kipkemoi, alikuwa akinipigia kelele nitoe klachi polepole, nami nilikuwa nikimwambia kwamba husemwa gari hili, si gari hii. Siku moja alichoka akasema, “Mwalimu, kwa barabara hakuna ngeli, kuna breki tu.” Nilimheshimu kuanzia siku hiyo.

Siku ya mtihani nilisukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano mbele ya mtahini mdogo kuliko wanafunzi wangu wa mwisho, nikajibu kila swali kwa sentensi kamili. Kisha nikaendesha gari la kweli. Nikapita mara ya kwanza. Wawili kati ya wale vijana hawakupita.

Njoki alikuwa akiona ninakwenda mjini kila Jumanne na Alhamisi bila kueleza, akaamini kwamba naficha ugonjwa. Aliwaomba akina mama wa kanisa waniombee. Siku nilipoingia langoni nikiwa nyuma ya usukani, aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Sasa anadai kwamba ni maombi yao yaliyonipitisha mtihani. Sijabishana naye.

Kwa hiyo, ikiwa kilomita kumi kwa lita zinamfanya Wangui kuwa mwizi, basi tisa zinanifanya mimi kuwa mwizi mkubwa kuliko yeye. Niite hivyo mbele ya wageni, kama ulivyomwita. Nitasubiri.

Jumamosi, Naivasha.

Utaona mwandiko umeharibika. Nimeiegemeza karatasi kwenye usukani. Niko nje ya lango lako, na mlinzi wako ameniuliza mara mbili ni nani ninayemngoja. Nitampa barua hii akuletee, kwa sababu nikiingia mwenyewe utaanza kunikatiza.

Nyuma kuna gunia la viazi la Cate. Tangi nililijaza mpaka shingoni Nakuru asubuhi hii, nawe utalijaza mwenyewe hapa mjini na kugawanya, ili usiiamini hesabu yangu wala ya bango. Lakini hilo litafuata. La kwanza ni hili.

Wangui ameketi kando yangu. Hajui nilichoandika. Alikubali kuja kwa sababu nilimwambia kwamba naogopa malori ya Gilgil, na huo haukuwa uongo. Mguu wangu wa kushoto umechoshwa na klachi, na mtahini alinishauri nisiendeshe gizani kwa macho haya. Sitaweza kulirudisha gari hili nyumbani, Kiarie, na yeye hatalirudisha mpaka asikie neno kutoka kwako.

Funguo ziko mkononi mwangu. Toka nje uzichukue, uzunguke upande wa pili, umpe yeye kwa mkono wako, ukiwa umemwambia unachopaswa kumwambia. Chagua maneno yako vizuri, na yale madogo usiyaache. Mimi nitahamia kiti cha abiria.

Msalimie Cate na watoto. Waambie baba yao mkubwa yuko langoni, na kwamba hakuletwa na mtu.

Ni mimi kaka yako,

Hiram Muiruri,
Mwalimu mstaafu, na dereva mwenye leseni.