Dawa za Moyo Nilizozishuku

Wangari mjukuu wangu, huko Mombasa hujambo? Hapa Mweiga tu wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeuliza kama ninameza dawa za moyo. Mimi nililazwa kwa homa ya virusi, sasa mbona wanipe dawa za moyo? Nilimshuku daktari.

Nikiwa msichana, baba yangu pia alitoka hospitali na vidonge vya moyo. "Moyo wangu hauniumi," alisema, akavitupa chooni. Alianguka akichimba viazi, hakuinuka tena.

Basi nilirudi kumuuliza daktari. "Cucu, virusi huuchosha moyo hata homa ikiisha," alinijibu.

Bado simwamini sana. Lakini nimeanza kuushuku pia huu moyo usiouma, kwa hivyo ninazimeza.

Cucu wako,
Nyambura