Rimu Ulizomletea Baba

Nezu, karakana
Mwanzoni mwa Desemba

Kwako Kaka Yoshitaka,

Salamu zikufikie huko Kawaguchi. Natumaini u mzima, na biashara inakwenda, maana ukiwa na shida huwa tunakusikia mapema. Sisi huku upepo wa mlima Akagi umeshaanza kututia vumbi machoni, na watu wanapanga foleni kubadilishiwa matairi ya theluji. Mimi sijambo. Baba anakula, analala, ila hasemi na mimi. Kwa nini hasemi, ndiyo habari ninayokuandikia. Usiisome ukiwa umesimama dukani kwako, ukaikunja katikati mteja akiingia. Keti chini.

Unakumbuka ulivyokuja na zile rimu nne nyeusi, zenye jina lako lililochongwa katikati, ukazipanga uani kama mtu anayeleta mahari. Ulimwambia baba ni zawadi yake ya uzee. Naye baba, Mzee Kumeji, ambaye hata siku niliyoanza kukereza vyuma peke yangu alisema tu “haya, fagia chini,” alizipangusa kwa taulo lake la shingoni. Sijawahi kumwona akipangusa kitu cha mtu namna ile. Nikajua siku hiyo kwamba kazi yangu yote katika karakana hii haifiki uzito wa zawadi yako moja.

Ulipoondoka nilijaribu moja kwenye gari lake. Haikuingia. Tundu la katikati lilikuwa dogo kuliko habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hukalia, kwa unene wa unywele tu, lakini chuma hakijui kuhurumia unywele. Nikasafisha kutu yote kwenye habu, nikapiga msasa mpaka ikang'aa. Bado. Nikakwangua rangi ndani ya tundu, maana rangi yako ni nene kama ugali. Bado. Nikamwambia baba niziweke kwenye mashine nizikereze kidogo, kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Akanikatalia. Akasema nitaharibu kitu kipya, na kwamba mwanawe hawezi kuleta kitu kibovu. Kisha akakupigia simu, mimi nikiwa nimesimama palepale nikisikia sauti yako ikimtoka sikioni.

Ulimwambia, “Kaza nati tu, baba, zitaivuta zenyewe. Wateja wangu wote wanafanya hivyo. Huyo Hatsue anapenda kukuza mambo.”

Wewe ulilelewa humu ndani. Uliwahi kumsikia baba mwenyewe akimfukuza mteja aliyelazimisha rimu kwa nati, akimwita muuaji mbele ya mkewe. Alikuwa akitueleza kwamba rimu ya namna hiyo inabana njiani kabla haijakaa bapa, na spana inakudanganya kuwa umekaza, kumbe umekaza hewa. Ukitembea kidogo inajisogeza, nati zinalegea, misumari inayoshika nati inakatika. Ulijua hayo. Na yeye alijua kuliko sisi sote. Lakini alichukua spana ndefu, akazivuta kwa nati, zote nne, akinung'unika kwamba wanawake wana woga. Nilimwambia asiendeshe. Akaniambia nimwandalie chakula.

Gurudumu la kushoto la mbele lilichomoka kwenye kona ya shamba la vitunguu. Baba aliligongesha gari kwenye ukingo wa mfereji na kutoka na michubuko tu. Gurudumu lenyewe halikusimama. Lilivuka barabara likirukaruka, likamkuta Mama Uematsu ameinama anang'oa vitunguu vyake. Limemvunja paja. Huyo ndiye aliyekuwa akituletea supu kila jioni mama alipolazwa, na wewe ulikuwa ukimaliza ya kwako na kuomba ya kwangu. Yuko hospitali. Madaktari wanasema huenda atatembea, lakini si kwenda shambani.

Baba alikupigia kutoka pale pale, nami nimeshafika mbio. Sikutegemea ulie, kaka. Lakini swali lako la kwanza lilikuwa, “Gari lina kamera?” Hukuuliza nani ameumia. Baadaye ukanitafuta mimi, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama, ukanibembeleza kwa sauti ya kuuzia watu, “Dada, tulia kidogo. Acha niumalize mzigo huu ghalani, halafu tutalizungumza kifamilia.” Niliuliza watu wangapi wanatembea na rimu kama hizo. Ukasema nisikutishe. Nikakuambia wewe ni mshenzi, na leo naliandika kwa wino ili usiseme ulisikia vibaya.

Sasa sikiliza alichokifanya baba. Polisi walipomhoji alisema kosa ni lake: kwamba yeye, fundi Kumeji Nezu, alisahau kukaza nati kwa sababu ya uzee. Alisema rimu hazina tatizo lolote. Kwa neno hilo moja alilitupa jina lake katika mfereji ule ule alipogongesha gari, na karakana ingefungwa, na mimi ningebaki na mikono yenye mafuta bila mahali pa kufanyia kazi. Alijua. Alikubali. Ili wewe uumalize mzigo wako.

Mimi sikukubali. Nilikwenda mwenyewe kwa mkaguzi wa magari wa mkoa, bwana mmoja mkimya anayeitwa Sugaya, nikamwambia kila kitu: maneno yako ya simu, onyo langu, na watu wanaoendesha huko nje bila kujua wamekalia nini. Ndiyo, kaka. Mimi ndiye niliyekushtaki. Usihangaike kumtafuta mwingine.

Bwana Sugaya alipokuja karakana, baba alisimama mbele ya mlango akasema, “Binti yangu mwongo. Ana wivu na kaka yake tangu utotoni.” Ukitaka kujua chuki ina ladha gani, ni ile niliyoimeza pale. Bwana Sugaya hakubishana naye. Aliinua gari kwa jeki, akavua gurudumu la nyuma lililokuwa bado zima, kwa nyundo ya mpira, maana lilikuwa limeng'ang'ania. Akalifuta. Kisha akampa baba mikononi, kwa heshima kabisa, akasema, “Mzee, niwekee kwa mkono. Bila nati.”

Baba alilishika. Akalipeleka kwenye habu, likagota. Akaligeuza kidogo, likagota. Alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile, na viganja vyake, ambavyo vingeweza kupima chuma gizani, vikawa vinasukuma kama vya mtoto. Mwishowe akaketi sakafuni nalo mapajani. Akasema, “Haliingii.” Hakumtazama mkaguzi wala mimi. Akarudia tena, chini chini, “Haliingii.”

Wamechukua rimu zote. Wana anwani ya ghala lako, na huenda watafika kabla ya barua hii. Ukipiga simu hapa usimtafute baba, hatapokea. Mimi nitapokea, lakini usinipigie kama huna la kusema kuhusu Mama Uematsu.

Nafunga hapa, kuna gari la watu linanisubiri kwenye jeki. Wasalimie watoto, wavae nguo nzito. Wifi Rumi huna haja ya kumpa salamu zangu, nimezungumza naye asubuhi hii. Nilimwambia asiendeshe tena gari lake ulilolivalisha rimu kama hizo, na ameliacha kwenye kituo cha treni, akawapeleka watoto shule kwa miguu. Aliniuliza kama wewe ulikuwa unajua. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Ni mimi,
Hatsue