Kahawa ya Muhangi

Buguruni, Dar es Salaam

Baba Muhangi,

Hamjambo huko Ihembe? Mbuzi asifungwe karibu na migomba michanga.

Nimefika salama. Pale uwanja wa ndege madereva wa teksi walinizunguka wakidhani nimepotea. Nikawaambia mdomo ninao na miguu ninayo, nikapanda basi la mjini, nikakaa dirishani. Mama mmoja wa kwetu kule Kamuli, jirani yangu kwenye kiti, alinusa kile kifurushi chako cha jani la mgomba, akajua ni kahawa ya kutafuna. Akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Samahani dada, hii ina mwenyewe."

Muhangi alikuwa ananingoja kituoni. Amekonda. Sikugusia lile shamba mlilogombania, wala siku aliyoondoka akaiacha kahawa yako ya mapatano mezani. Nilifungua jani tu, nikasema, "Buni hizi baba yako amezichemsha mwenyewe."

Alizitazama. Basi likageuza, likaondoka, yeye bado anazitazama.

Uliniambia akizikataa tena, nisihangaike kukuandikia.

Haya, nimekuandikia.

Mkeo,
Kemilembe