Yasini Aliyosomewa Nassor

Nizwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mguu umepunguza kukuuma na ile dawa ya kuchua niliyompa Bi Zuhura imekufikia. Mimi mzima. Nalisema hili kwa sababu hujaniuliza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, dakika kumi na mbili nzima. Umeuliza kitindamimba wako Nassor anakula nini, analala wapi, amekonda kiasi gani. Halafu ukanambia umewaeleza majirani kuwa mwanao anaumwa huku Omani, na Ijumaa wamekuja kumsomea Yasini, ukawapikia visheti. Mama, Nassor haumwi. Nassor amekamatwa na bia.

Nikueleze sawasawa, maana yeye hatokueleza. Walikuwa wanafunzi wanne ndani ya gari, mchana kweupe, na sanduku la barafu kiti cha nyuma. Hata mmoja hajafika umri wa kuruhusiwa kunywa. Polisi wamemwachia kwa sababu nilikwenda mimi nikamdhamini, nikaweka pasi yangu ya kusafiria. Akitiwa hatiani ni faini au jela, na sisi si raia, wanaweza kumrudisha kwetu. Wakimbakisha, chuo nacho kina kikao chake. Na kila atakapoomba kazi ataulizwa kama amewahi kushtakiwa.

Pasi ikiwa polisi, mimi siwezi kuja. Likizo yangu ya kwanza baada ya miaka mitatu, nilikuwa nije nifunge Ramadhani na wewe.

Namwonea wivu, nakwambia wazi. Mwaka jana nililazwa siku tisa katika wodi ileile ninayofanyia kazi, na hakikupikwa hata kisheti kimoja. Ningekamatwa mimi na chupa, mtoto wa kike, ungekwisha kunikana kabla ya laasiri.

Ami Khalfan, yule ndugu yake marehemu baba aliyeko Samail, amejitolea kumdhamini badala yangu ili nisafiri. Lakini ana sharti: Nassor aache chuo moja kwa moja, akauze dukani kwake. Nassor alisikia, akanifuata jikoni nikikosha vyombo.

"Da Salha, nenda zako. Mama anakungoja wewe."

Nikamwambia anyamaze, ashike kitambaa afute sahani.

Nisalimie Shangazi Mwanaidi, na Baba Mdogo Suleiman, na wifi yangu Rukia na tumbo lake. Majirani waambie mgonjwa hajambo.

Ami nimemkatalia. Nassor atabaki chuoni na mimi nitabaki hapa. Usidhani ni huruma tu. Nimejiona nimefika, nabisha hodi, unanifungulia, unanikumbatia, halafu unachungulia nyuma yangu kutazama kama Nassor yumo garini.

Mwanao wa kwanza,
Salha