Kichwa Walimpa Shunji

Jumapili, 14 Septemba

Katika Sanuki nzima hakuna anayemjua simba wa ngoma za mavuno kama mimi. Simba mwenyewe hajijui hivyo. Nikiingia chini ya ile nguo ya simba nikashika kichwa chake, hata kunguru wananyamaza. Si utani! Mwaka juzi nilikishika dakika tano tu mazoezini, wakanyamaza. Rafiki yangu Shunji shahidi.

Leo nimekwenda Tanigawa kwenye sherehe yao ya mavuno. Dakika ishirini kwa pikipiki. Wao huanza kabla ya vijiji vyote, wanajiona. Na simba wao sasa — paka aliyetumbukia kwenye beseni! Mbele wanatikisa shingo, nyuma miguu haina habari kama kuna ngoma inapigwa. Nimesimama na barafu yangu ya sukari nikacheka mpaka mama mmoja akaniuliza kama jua limenipiga kichwani. Nikamwambia aje kijijini kwetu Mizokami tarehe 12 Oktoba, ndipo ataona simba.

"Nani anashika kichwa huko kwenu?"

"Mimi hapa!"

Akanikagua kuanzia viatu. "Wewe?"

Mimi, ndiyo. Mzee Takebe, anayetufundisha simba, bado hajatangaza, lakini amtangaze nani? Aliyekuwa kichwa amehamia Osaka. Mimi nimekuwa miguu ya nyuma miaka mitatu, nimeinama kama mwizi wa viazi, kazi yangu kutazama makalio ya mwenzangu. Zamu yangu imefika. Kwisha.

Jumanne, 16 Septemba

Kichwa: Shunji.

Miguu ya nyuma: Rentaro. Yaani mimi!

Ameyasoma majina kwenye karatasi, huyo Mzee Takebe, kavaa miwani yake, taratibu kama anasoma bei za mboga. Nimebaki na chai mdomoni, sijui nimeze au niteme.

Shunji! Mtu ambaye akigonga mti anauomba radhi. Rafiki yangu toka chekechea, simchukii, lakini simba gani anayeomba radhi?

Nimemwuliza Mzee mbele ya wote, kwa nini. Akasema kichwa kinataka mtu wa kusikiliza, na mimi najisikiliza mwenyewe. Wazee wakacheka. Wapiga ngoma wakacheka. Aliyeshika upatu akaugonga kidogo, tong, ndio wakazidi kucheka.

Sili leo. Mama kasema nisile basi, wali utaliwa kesho.

(Nimekula baadaye. Nilikuwa na njaa ya hasira.)

Jumapili, 21 Septemba

Wamenikosa, wataona!

Nimekwenda Nakabata. Kule vijana wameisha, wote wako mjini. Simba wao anapitishwa nyumba kwa nyumba na watu wa miaka sitini, kila baada ya nyumba mbili wanakaa chini kupumua. Nimewaambia mimi ni wa Mizokami, nashika kichwa. Sikusema uongo mkubwa, kushika nimeshashika. Wakafurahi! Mmoja karibu anibusu. Wakanipa koti lao la buluu, wakanipa kichwa, nyumba tatu.

Nyumba ya kwanza: moto. Nimeruka, nimelala, nimeamka, masikio yanatetemeka lile tetemeko langu. Makofi. Nyumba ya pili: moto zaidi. Babu mmoja kasema hajaona simba wa namna hiyo toka vita viishe. (Sijui vita gani. Sikuuliza.)

Nyumba ya tatu wamemleta mtoto ang'atwe kichwa. Desturi ni hiyo hiyo kote, meno ya simba yanagonga utosini, kak! na mwaka mzima huumwi. Basi nimemng'ata. Labda nilikuja na kasi kidogo. Mtoto kapiga yowe, paji la uso likavimba kama kitunguu. Bibi yake akanifokea: hiyo ni baraka au rungu?

Nikamjibu simba anang'ata, mama. Kama mnataka laini, leteni mto wa kulalia.

Wamechukua kichwa chao. Wamechukua na koti. Watoto wa siku hizi ni tofu tupu.

Jumatatu, 22 Septemba

Habari imefika Mizokami kabla ya pikipiki yangu. Leo natoka kiwandani, nywele nyeupe kwa unga wa tambi za udon, namkuta Mzee Takebe amesimama getini na baiskeli yake.

"Umemwumiza mtoto wa watu."

"Nimemgusa."

"Ana alama."

"Ana ngozi nyepesi, Mzee."

Akaegemeza baiskeli getini. Hafoki huyu mzee, ndiyo ubaya wake, hujui pa kumshika. Kisha akasema kung'ata ndiyo kazi yenyewe, kuruka ni mapambo. Unateremsha kichwa polepole, unasikia pumzi ya mtu chini yako, ndipo unafunga mdomo. Akaonyesha kwa mikono yake miwili, hapo hapo barabarani, malori yanapita. Wenzangu wa kiwandani wanachungulia madirishani! Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikamwambia basi amwendee Shunji akamfundishe. Mimi miguu. Miguu haing'ati.

"Haya, dogo," akasema. Akapanda baiskeli.

Dogo! Nina miaka kumi na nane!

Jumapili, 28 Septemba

Sherehe ya Iwazaki, kule bondeni. Sikuwa na nia ya kwenda, pikipiki imenipeleka.

Simba wao mzuri. Nguo ya hariri nyekundu, miguu ya nyuma inapumua pamoja na kichwa. Sikupata pa kucheka.

Nimerudi nimekasirika zaidi.

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi. Mgongo unaniuma, nimemwambia Shunji anacheza kama anatafuta miwani iliyopotea. Tulipokuwa tunakunja nguo akasema chini chini: nyumba ni thelathini na mbili, mikono yake haitaweza zote. Baada ya chakula cha mchana nishike mimi.

Nikamwuliza Mzee anajua?

Hajui. Lakini mwaka huu Mzee hatembei na simba, atakuwa nyumbani kwake. Bibi Sadae anarudi.

Huyo ni mke wa Mzee. Yuko hospitali Takamatsu toka Juni, na Mama anasema si ugonjwa wa mchezo. Wamempa ruhusa ya kulala nyumbani siku moja tu, ameomba iwe siku ya simba. Mzee ameandika nyumba yao iwe ya mwisho kabla ya hekalu, ili Bibi apate muda wa kupumzika. Bibi Sadae namfahamu vizuri, mdomo wake ni wembe. Nilipofukuzwa sekondari watu wote walinipa pole, yeye akaniambia shule ndiyo ya kupewa pole, imebaki na walimu wapweke.

Nimemkubalia Shunji. Nimejifanya nafikiri kwanza. Ndani nilikuwa naruka!

Jumapili, 12 Oktoba

Saa kumi na moja alfajiri. Manyunyu. Waliozoea kuahirisha wameanza kuangalia simu zao. Simba anatoka hata kwa manyunyu!

Leo ndiyo leo. Baadaye nitaandika jinsi walivyolia kwa furaha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikuandika jana. Hakuna aliyelia kwa furaha.

Naandika sasa, saa tatu na nusu asubuhi, ili ijulikane nani alianza. Maana hapa kijijini wote wameshahukumu.

Asubuhi Shunji kichwa, mimi miguu. Sawa. Baada ya chakula tukabadilishana, nikashika kuanzia nyumba ya kumi na saba. Na nimecheza! Waulizwe. Sikuruka ovyo. Nimeng'ata vichwa zaidi ya ishirini, nikiteremka polepole, nikisikiliza pumzi, kama alivyonionyesha pale getini. Mtoto mchanga wa Hamaguchi alicheka ndani ya mdomo wa simba, akanishika pua. Baba yake mpiga ngoma akasema kumbe Rentaro ana mkono wa mama mkunga. Nyumba kumi na tano, hakuna hata mkwaruzo! Mabega yanawaka, jasho linaingia machoni, nami nafurahi peke yangu mle ndani kama mwehu.

Tumebakiza nyumba moja. Nilikuwa nasema moyoni, subiri, Mzee, subiri uone.

Tunakaribia geti lake. Kasimama katikati, kavaa koti la sherehe. Akatazama miguu ya mbele, akaona viatu. Viatu vyangu anavijua. Akapaza sauti, ngoma inalia, upatu unalia, na bado kila mtu kamsikia:

"Shunji yuko wapi? Mpeni Shunji kichwa! Huyu asiingie humu, ataniumizia mgonjwa!"

Mbele ya wote. Hakuuliza. Hakutazama hata hatua moja. Nyumba kumi na tano!

Simba wetu hana kamanda. Kichwa kikienda, miguu inakifuata, ngoma inafuata miguu, na hakuna anayeruhusiwa kukiita kichwa kirudi. Ndivyo walivyotufundisha, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Basi kama hutaki kichwa changu, hupati simba. Nimekunja shingo kushoto nikapita. Shunji kutoka nyuma: "Ren! Geti! Geti hilo!" Akavuta nguo. Nami nikavuta. Mimi nina nguvu kuliko yeye. Ngoma ikasitasita, kisha ikafuata.

Na simba harudi alikokwisha kupita. Tukafika hekaluni, nikacheza vibaya, sijali. Kuhani akapokea kichwa, akakifunga kwa kitambaa cheupe, akakitia sandukuni, akakaza kamba. Mpaka mwaka kesho.

Sasa kelele! Hamaguchi karibu anipige na vijiti vyake. Wamesema kuruka nyumba hakujatokea toka kijiji kiwe kijiji. Nikawaambia mwulizeni Takebe, yeye ndiye aliyefukuza simba mlangoni pake. Wakasema amekufukuza wewe, si simba. Nikasema ndani ya simba kulikuwa na nani?

Shunji alirudi kwa kuhani peke yake, akapiga magoti kwenye changarawe na yale manyunyu, anaomba sanduku lifunguliwe, nyumba moja tu, dakika moja tu. Kuhani akasema kamba ikishakazwa imekazwa, mwanangu, hata yeye hana ruhusa.

Leo asubuhi Shunji kaja hapa. Hakuvua viatu.

"Ungenipa tu, Ren. Ningeingia, ningetoka, ningekurudishia. Hekaluni ungecheza wewe."

"Kanitukana!"

"Alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini? Mzee mzima!"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia saa iliyosimama. Akasema anakwenda kusaidia kubeba mizigo, Bibi Sadae anarudishwa hospitali saa nne.

Mama naye! Kaweka bakuli la wali mezani bila kunitazama. Nikamweleza upya. Nikamwambia ndani ya kichwa huoni kitu, kuna giza na jasho, tundu ni la mdomo tu, nisingeweza kujua ni nani alikuwa ndani ya geti la Mzee, au kama kulikuwa na mtu. Nilidhani Bibi yumo chumbani kalala. Ningejuaje?

Mama kasema: "Nenda ukainame tu. Usiseme chochote. Wewe ukisema unaharibu."

Niiname kwa kosa gani? Aliyekosa nani? Aje yeye aniombe radhi, mbele ya wote, na upatu upigwe!

Saa nne kasoro kumi. Gari la Mzee limewashwa, nalisikia, nyumba yao ni ya tatu kutoka hapa. Mlango mmoja umefungwa. Sauti ya Shunji: polepole, Bibi, polepole. Mama amesimama kibarazani na mwavuli wangu mkononi, haniiti, amesimama tu.

Kalamu iandike basi, maana mimi siwezi kumwambia Mama.

Huoni kitu ndani ya kichwa ikiwa mdomo umefungwa. Pale getini nilikuwa nimeufungua. Nilimwona Bibi Sadae. Alikuwa barazani, wamemwekea mito mgongoni na blanketi mpaka kifuani. Alikuwa ameshavua kitambaa cha kichwani. Hana nywele hata moja. Alisikia ngoma iko karibu, akadhani tunaingia, akafumba macho akainamisha kichwa ili ang'atwe — nami nikamwona kainama, ndipo nikageuza shingo.