Nimeona Kosa Kwenye Sakafu ya Mwenzangu, Nikanyamaza

Shangazi Chiku, shikamoo. Nisaidie kabla sijaharibikiwa, maana mimi ni fundi hapa Katoro, milango na dari zote za ofisi ya chama chetu cha akiba nimeziweka mimi, sasa wametenga chumba cha mitambo ya kompyuta na chumba hicho kinataka sakafu juu ya sakafu, yaani vibao vya chuma vinavyokaa juu ya miguu ya chuma ili waya na ubaridi vipite chini, nikajua kazi ni yangu, kumbe ameletwa bwana mmoja Edson kutoka Mwanza, ana cheti, ana na helmeti nyeupe ambayo haijawahi kuangukiwa hata na vumbi.

Sikufichi, ninaumia. Meneja wetu, Mama Scolastika, alikuwa ananiita "fundi wangu", siku hizi ni "Injinia, umekula?" na mimi niko juu ya ngazi hapohapo kama buibui. Nyumbani nako mke wangu ananiambia, "Baba Nelly, mwenzio anachora kwenye kompyuta, wewe bado mkaa ukutani." Nikamjibu mkaa hauhitaji chaji. Hakucheka.

Sasa mchoro wake ameubandika mlangoni, tena mlango wangu, nikausoma wote. Miguu imepangwa kwa nafasi sawasawa, inapendeza kama meno kwenye tangazo. Lakini kona ya dirishani litakaa kabati la betri, kilo mia nane, na pale hajaongeza hata mguu mmoja. Mimi sikusoma, ila miaka sita nimefunga magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasibomoke, na kule gogo haliwekwi panapopendeza, linawekwa panapolemewa. Nilimuuliza, "Injinia, pale pembeni patatosha?" Akasema, "Mzee, shughulika na dari." Nikashughulika na dari.

Betri zinaletwa Ijumaa, wageni wamealikwa, na shati nimeshalipiga pasi, nataka niwe mstari wa mbele kabati likizama. Shemeji yangu Nasibu ndiye amepewa kazi ya kulisukuma. Je, nina kosa wakati niliuliza nikafukuzwa? Ukinijibu nitasema wabeja, ndiyo asante ya kwetu.

Fundi wa Dari, Katoro

*

Marahaba, Fundi.

Kupitwa na kazi kwenye jengo ulilolihangaikia kunauma, na huyo Edson amekujibu ovyo. Pole. Pole yangu inaishia hapo.

Barua nzima ni Edson, na Nasibu umemkumbuka mwishoni kama mtu aliyesahau kufungia kuku. Kibao kikibonyea, kabati litamwangukia nani? Cheti? Edson atakuwa amesimama na wageni. Wewe umejipigia shati pasi. Mkeo umemwandaa avae nini kwenye msiba wa kaka yake?

Na hilo "patatosha?" usiliite onyo. Umeuliza kwa namna ya kutaka kukataliwa, ubaki na cha kujitetea. Mimi pia huwa naona wivu, njia zake nazijua.

Mfuate Edson akiwa peke yake. Ukimuumbua mbele ya meneja, atautetea mchoro hata kama kosa analiona. Inueni vibao vya kona ile, umuonyeshe kwa kidole: hapa kilo mia nane, miguu ni hii tu. Mwambie apige hesabu ya uzito mbele yako, aongeze miguu na vyuma vya kuifunga isiyumbe. Akikutimua, mwandikie Mama Scolastika barua, asaini kwamba ameipokea, na umwambie Nasibu asiguse kabati. Asikwambie mtu kwamba utasifiwa. Edson atarekebisha, atapigiwa makofi yeye, na wewe utapiga pamoja nao. Itakuchoma. Mchomo huo hauui.

Gazeti hili linafika Katoro Jumatano asubuhi. Ofisi zinazojenga sakafu ya namna hiyo mjini kwenu ni moja tu, na namba yake nimeshaipata. Ikifika saa nane mchana hujanijulisha kwamba umefungua mdomo, nitampigia meneja mimi, na nitamsomea barua yako yote, mpaka hapo kwenye shati.